Andikianeni Mkiwa Bado Mnapendana

Ndugu zangu katika imani, nawausia na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, misikitini na madukani.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuja kwa ajili ya swala, wala saumu, wala hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na habari yake ni deni. Humo Mola wetu anatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalumu tuandikiane. Aandike mwandishi mwadilifu, wala asikatae kuandika. Mwenye kudaiwa ndiye aseme kinachoandikwa, na asiyeweza kusema mwenyewe, msimamizi wake amsemee. Wawekwe mashahidi. Tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Kisha mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Wanachuoni wengi wamesema amri hii ni ya kupendekezwa, haifiki kuwa wajibu. Lakini mtu mwenye akili akiona Mola wake amelieleza jambo kwa urefu huu, ataliachaje?

Sasa twendeni sokoni. Pale Kariakoo mtu anachukua mzigo wa mali kauli, alipe akishauza, wenye thamani ya mamilioni, na kilichoandikwa ni jina na tarakimu juu ya kipande cha boksi. Wawili wanachanga mtaji, wanafungua duka, na mkataba wao ni kupeana mikono baada ya swala ya Isha. Ukiwauliza wanajibu, "Huyu ni ndugu yangu, nitamwandikishaje?" Ndugu zangu, aya ile iliteremka Madina, na wa kwanza kuambiwa waandikiane walikuwa masahaba, watu walioaminiana kuliko tunavyoaminiana sisi. Kuandikiana kunamlinda ndugu yako asije akasahau, na kunamlinda mjane wake asije akabishana na wewe siku ya arobaini juu ya jambo ambalo hakulishuhudia.

Kwa deni la kawaida, daftari na mashahidi wawili vinatosha. Kwa shughuli nzito, mwandishi wa zama zetu ni wakili. Wapo wanaosema kumwendea wakili ni upungufu wa tawakkul, au ni mambo ya watu wenye kesi. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, pamoja na elimu yake yote ya hukumu, alikuwa akimweka ndugu yake Aqil kuwa wakili wake katika mashauri, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Ja'far. Na ukisema, "Wakili niliyemwona si Muislamu," kumbuka safari ya Hijra. Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, na wakati huo hakuwa Muislamu. Walimchukua kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu.

Basi ni lini mwenye duka dogo aende kwa wakili? Nianze na fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga, kwa sababu hapa ndipo nionapo watu wetu wakiumia zaidi. Mtu anatoa kilemba, ile fedha ya kupewa chumba, anatoa kodi ya mwaka mzima, anapaka rangi, anajaza mzigo, kisha mwezi wa nne anakuja mtu mwingine kusema nyumba ni ya urithi na yeye hakushirikishwa. Aliyesaini alikuwa mmoja tu wa warithi, pengine hata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama siye yeye. Au aliyekupangisha naye ni mpangaji. Au kilemba hakikuandikwa popote, na siku mkiachana hakuna anayekijua. Wakili atauliza hati ya nyumba ni ya nani, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi iko wapi, kodi itapandaje, notisi ni ya muda gani, na nyumba ikivunjwa fedha yako inarudije. Atayauliza kabla fedha haijatoka mfukoni. Dalali hatakuulizia haya, kwani haki yake anaipata siku mnayosaini.

Mahali pa pili ni ubia. Wengi tunakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, tunasajili jina la biashara, tukidhani sasa duka lina kinga yake. Jina la biashara halikutenganishi na madeni yako. Anayelidai duka anakudai wewe, na anaweza kuifuata mali yako ya nyumbani. Kampuni ni jambo jingine, hiyo kisheria ni mtu anayejitegemea. Na katika ubia, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inawafanya wabia wote wawajibike kwa madeni ya ubia. Mwenzako akichukua mzigo kwa jina la duka, na wewe umo. Kwa hiyo mkiwa bado mnapendana, kaeni mbele ya wakili mseme nani ametoa nini, faida inagawanywaje, nani anaruhusiwa kukopa, na mmoja akifa hisa yake inakwenda wapi. Hili la mwisho msilipitie juu juu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale usiku mara mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Wangapi kati yetu tuna maduka, tuna madeni ya kulipa na ya kulipwa, na hatuna hata karatasi moja?

Mahali pa tatu ni mikopo, nayo sitairefusha. Hukumu ya riba mnaijua, na mikopo hii ya kausha damu imewaliza mama zetu na dada zetu mitaani. Nasema tu juu ya udhamini. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa mdhamini analazimika kulipa, na sheria za nchi nazo ni hivyo hivyo. Ukiletewa karatasi usaini kumdhamini rafiki, au uweke nyumba rehani, usisaini siku hiyo hiyo. Ichukue, ipeleke isomwe. Tena nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Hiyo ni sheria ya Tanzania, basi mke wako naye aisome karatasi hiyo kabla hujasaini.

Kuna mambo mengine mawili ambayo muda wake ni mfupi, na ufupi huo ndio unaowaponza watu. La kwanza ni mfanyakazi. Umemfukuza kijana wa dukani kwa hasira, akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA. Yeye ana siku 30 za kufikisha lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali. Wewe ukipata wito ukauweka chini ya meza ya mauzo, shauri linaweza kusikilizwa bila wewe kuwapo, na uamuzi ukatoka. Nenda kwa wakili kabla ya kumfukuza, uulize sababu yako inakubalika na utaratibu ni upi, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka vyote viwili. La pili ni kodi. Ukipewa makadirio na Mamlaka ya Mapato, TRA, ukaona si sahihi, pingamizi linawasilishwa ndani ya siku 30, na kwa kawaida halipokelewi mpaka ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi yote, kile kilicho kikubwa zaidi. Anayekaa miezi mitatu akilalamika barazani amejifungia mlango mwenyewe.

Haya yote hayana maana kwamba kila kitu kipelekwe ofisini. Aya ile ile imetoa ruhusa kwenye biashara ya taslimu, nipe nikupe. Kuuza kilo ya sukari hakuhitaji muhuri wa wakili.

Na jihadharini na vishoka. Kuna watu wanakaa karibu na mahakama wana suti na mkoba, na si mawakili. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambamo unaweza kumtafuta mtu kwa jina ukajua kama ana ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Dai risiti. Omba mkataba uandikwe kwa Kiswahili, lugha unayoielewa, kwani tangu mwaka 2021 sheria yenyewe imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Asiye na uwezo asikate tamaa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kusaidiwa bure. Lakini mwenye uwezo amlipe wakili haki yake kwa wakati. Aya imekataza mwandishi asidhuriwe, na kumzungusha mtu malipo yake ni kumdhuru.

Nimebakisha jambo moja, nalo ni zito kuliko yote niliyoyasema. Katika hadithi ya Mama yetu Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba yeye ni binadamu, anahukumu kwa anachokisikia, na huenda mmoja wetu akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake. Basi akimpa mtu haki ya ndugu yake, amempa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi mali ya mwenzako, wakili wako ataihalalishaje? Unapokaa mbele yake, mweleze ukweli wote, hata unaokuumiza. Ikiwa unajua deni ni la kweli, usimuulize njia ya kulikwepa. Mwambie amwandikie mdai wako, aombe muda, na mkikubaliana kulipa kwa awamu aweke tarehe na kiasi cha kila awamu. Na kama shauri limeshafika mahakamani, makubaliano hayo yapelekwe yasajiliwe, yawe na nguvu ya hukumu, nanyi muendelee kusimama safu moja Ijumaa ijayo.