Haki ya Jina Katika Daftari

Imekuwa ada siku hizi, Unguja na Pemba, watu waliosoma skuli moja kutafutana baada ya miaka ishirini au thelathini. Mmoja huanzisha kundi katika simu, wengine huongeza majina, na hatimaye hupangwa siku. Hupikwa pilau, huitwa walimu waliosalia hai, hupigwa picha, na aghalabu hutolewa mchango wa madawati au wa rangi ya kuta. Ni jambo la kheri, wala sikusudii kulitia doa. Lakini jambo la kheri nalo huwa na swali lake, na swali la mikutano hii ni hili: je, aliyewahi kukaa nasi dawati moja utotoni ana haki yoyote juu yetu leo? Au tunamwita kwa hisani tu, tukipenda tumwite, tusipopenda tumwache?

Tutazame kwanza fungamano lenyewe ni la namna gani. Udugu mtu huzaliwa nao, urafiki huuchagua, ujirani huuhamia. Usuhuba wa darasani haumo katika matatu haya. Mwalimu ndiye aliyesema, "Wewe kaa hapa, na wewe kaa pale," na mtoto wa mvuvi akajikuta ubavuni mwa mtoto wa karani. Tangu tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilipotangazwa kuwa bila ya malipo Zanzibar, walizidi kuchanganyika watoto ambao wazee wao pengine wasingeketi jamvi moja. Hatukuchaguana. Na kwa kuwa hatukuchaguana kwa sifa, hatuwezi kudai kwamba fungamano limevunjika kwa sababu sifa zimebadilika. Rafiki aliyependwa kwa tabia zake anaweza kuachwa tabia zikigeuka. Aliyekaa nasi dawati moja alikaa, na lililokwisha kuwa halitanguki.

Hata hivyo, kuwa na asili moja si sawa na kukutana. Msomaji wa Pemba ana mfano karibu naye. Huko Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, yapo magofu ya ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye jina lake lenyewe ni shutuma: mwenye kuwakama wanaume. Masimulizi husema aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio. Husema pia kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, na kisima cha ngomeni kikawa na njia mbili: mmoja akishuka kwa ngazi, mwengine akiteka kwa kamba na ndoo, ili wasipate kuonana. Sihitaji kuamua kama yalikuwa hivyo. Hadithi imedumu kwa sababu inasema jambo tunalolijua, kwamba watu wanaweza kunywa maji ya kisima kimoja umri wao wote na wasitazamane usoni. Maji hayawakutanishi. Lazima mmoja wao apite njia ya mwenziwe.

Na Pemba imeujua ukuta wa namna hiyo. Baada ya uchaguzi wa 1995, siasa ziliingia mpaka katika harusi na misiba. Watu walisusiana maduka, walisusiana maziko, wakapitana njiani bila ya salamu. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi na polisi. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao hapa Pemba, na wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Miongoni mwa waliokimbia na waliobaki, miongoni mwa waliosusa na waliosusiwa, walikuwamo watu waliowahi kuazimana penseli na kuandikiana majina katika jalada za madaftari. Mkutano wowote wa waliosoma pamoja katika kisiwa hiki huwaita watu hao, hata kama kadi ya mwaliko haisemi hivyo.

Mfano uliotazamwa na wote ni wa viongozi. Maalim Seif Sharif Hamad wa Mtambwe na Dk. Ali Mohamed Shein wa Chokocho, wote wawili watoto wa Pemba, walipitia skuli moja mjini Unguja: mmoja ilipokuwa ikiitwa King George VI, mwengine ilipokwisha kuitwa Lumumba. Hawakuwa darasa moja, lakini kisima kilikuwa kimoja. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Mwaka huo huo wawili hao walishindana, mmoja akapata asilimia 50.1 na mwengine 49.1, kisha wakafanya kazi pamoja, mmoja Rais na mwengine Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurejewa Machi 2016, ukuta ukarudi. Agosti 2016, katika maziko ya Rais mstaafu Aboud Jumbe, Dk. Shein alinyoosha mkono, na Maalim Seif hakuupokea.

Watu waligawanyika juu ya mkono ule. Waliolaumu walikuwa na hoja: mazikoni si pahala pa siasa, na mafundisho ya dini juu ya kumhama ndugu zaidi ya siku tatu yanajulikana na kila mtoto wa chuoni. Waliotetea nao walikuwa na hoja: kupeana mkono ni ushahidi, na mtu anayeamini kwamba amedhulumiwa hawezi kutakiwa ashuhudie hadharani jambo asiloliamini moyoni. Hoja hii ya pili ina uzito, na mwenye kuitisha mkutano wa skuli asiipuuze. Yupo aliyepoteza kazi, yupo aliyepoteza ndugu, naye anakumbuka ni nani katika wanadarasa wake aliyenyamaza. Kumwambia mtu huyo kwamba yaliyopita si ndwele, kabla hajasema lake, ni kumdhulumu mara ya pili. Methali hiyo ni dawa ikitamkwa na aliyeumizwa. Ikitamkwa na aliyeumiza ni kisingizio.

Naona basi kwamba mkutano wa wanadarasa hauna mamlaka ya kudai msamaha, wala ya kuamuru usahaulifu, wala ya kulazimisha mkono. Haki ya mwanadarasa ni ndogo kuliko hayo, na kwa udogo wake haina udhuru: ni haki ya kuitwa jina lake. Tukumbuke daftari la mahudhurio. Mwalimu hakuuliza kila asubuhi ni nani anayependeza. Alisoma majina yote, kwa utaratibu ule ule, mmoja akaitika "Nipo", mwengine akajibiwa na jirani yake kwamba yu mgonjwa. Jina halikufutwa kwa kukosa siku moja, wala kwa ugomvi wa uwanjani. Kuitwa humwachia mtu uhuru wake wote: aje au asije, atoe mkono au auzuie. Kutoitwa humkatia shauri asiyekuwepo kujitetea. Hata mkono uliokataliwa mwaka 2016 ulikuwa umenyooshwa, na wawili wale walikuwa wamesimama katika maziko mamoja. Desemba 2020 Maalim Seif aliingia tena katika serikali ya umoja, chini ya Rais Hussein Mwinyi, na akabaki humo hadi alipofariki tarehe 17 Februari 2021. Kukataa uso kwa uso huacha kitu cha kurejea. Kufutwa katika orodha hakuachi.

Wala siasa si ukuta pekee. Orodha nyingi huanza na waliofaulu: aliyeko Dar es Salaam, aliyeko Muscat, aliyeko London. Kisha hutajwa kima cha mchango na bei ya fulana, na hapo wengine huacha kuitika. Aliyekatwa na mtihani, aliyetolewa darasani ili aozwe, aliyebakia shambani na karafuu za wazee wake, hawa hawamo katika kundi la simu. Huenda wanaishi hatua mia kutoka skuli, nao wakawa wageni zaidi kuliko aliyepanda ndege. Lakini daftari halikuandika waliohitimu. Liliandika waliokuwepo. Msichana aliyekaa nasi miaka mitano kisha akaozwa ni mwanadarasa wetu sawasawa na aliyekwenda chuo kikuu. Pengine ana haki zaidi, kwa kuwa sisi tulipewa miaka ambayo yeye alinyimwa.

Pendekezo langu ni dogo. Mwenye kuandaa aanze na daftari, si na simu. Aende skuli akaulizie majina ya mwaka ule, na kama daftari limeliwa na mchwa, wakae watu watatu wanne wayakumbuke dawati kwa dawati. Kila jina lipelekewe mwaliko, kwa miguu panapohitajika, na anayejijua kuwa ana deni kwa mwenziwe asitume mtu, aende mwenyewe. Mchango usiwe sharti la kuingia. Siku ya kukutana majina yote yasomwe: waliokufa waombewe dua, wasiokuja watajwe bila ya maneno ya kuwasuta.

Huenda mkutano wa namna hiyo ukawa na vicheko vichache kuliko ilivyotarajiwa, na kimya kirefu zaidi. Naiona kuwa hasara ya kukubalika. Mwenye kutaka furaha tupu na awaalike marafiki zake wale na wanywe. Hiyo ni karamu, wala karamu si dhambi, ila asiiite darasa.