Subira Iliyo Macho na Subira Iliyolala

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), twapenda kuwaeleza ndugu zetu jambo lililotokea katika darsa yetu, ambayo wiki moja huwa Kibera na wiki ya pili Kawangware, kwani jambo hilo ndilo lililotupelekea kuandika makala haya.

Jioni moja huko Kawangware, baada ya Swala ya Laasiri, alitujia mama mmoja ambaye kibarua chake ni kufua nguo katika majumba ya watu, katika wale ambao mjini Nairobi huitwa mama fua. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba moja mwezi mzima na hakulipwa; na kwa kuwa hakulipwa hakuweza kutoa kodi, mwenye chumba akamtilia kufuli mlangoni. Sisi, kama ilivyo desturi yetu, tukamwambia: "Mama, subiri, subira yavuta kheri." Akatutazama kidogo, kisha akasema: "Sheikh, kusubiri nasubiri tangu mwezi jana. Mimi nimekuja kuuliza nifanye nini."

Hatukuwa na jawabu. Aliondoka kwa adabu, nasi tukabaki na kitabu mbele yetu na wanafunzi wakitutazama. Usiku ule tulipojihesabu nafsi zetu tuliona ya kwamba neno tulilompa halikuwa subira. Lilikuwa mlango wa pili aliofungiwa siku ile, na waliomfungia ni sisi.

Basi imetupasa tuulize: subira iliyoamrishwa ni ipi? Na yule anayemuusia mwenziwe kusubiri, ana wajibu gani juu yake?

Siku hizi watu wengi wanazungumza juu ya utulivu wa moyo. Mwaka 1979, huko Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa katika chuo cha utabibu cha Massachusetts wakae kimya, wazifuate pumzi zao na waihudhurie saa waliyo nayo, pasina kuchukuliwa na huzuni ya jana wala khofu ya kesho. Asili ya zoezi lile ni mafundisho ya Mabudha, lakini yeye aliliweka katika njia ya matibabu, nalo limeenea hata likafika katika maskuli na maafisi ya mji wetu. Vijana wetu wanatuuliza: je, jambo hili lina ubaya?

Jawabu yetu ni kwamba kuuhudhurisha moyo si jambo geni kwa Waislamu. Lililo geni ni sisi kulisahau. Khushuu katika Swala ni nini, kama si moyo kuwapo mahali ulipo mwili? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111 wa Miladi, aliliwekea jambo la muraqaba na muhasaba kitabu kizima ndani ya Ihyau Ulumiddin. Lakini iko tofauti moja ambayo haifai kuisahau. Katika zoezi lile mtu hujitazama mwenyewe. Katika muraqaba mtu hujitazama hali akijua kwamba Mola wake anamtazama. Na anayejua kwamba anatazamwa hawezi kutosheka na utulivu peke yake. Hana budi kuuliza ametenda nini.

Wala hatusemi kwamba utulivu ni kitu kidogo. Mwenye kukaa Kibera katika chumba kimoja na watoto watano, ukuta wake ni bati na redio ya jirani ni kama imo chumbani mwake, moyo wake hauna pa kupumzika. Husimama kuswali na moyo uko katika kodi. Hula na moyo uko katika deni. Hulala na moyo uko katika kibarua cha kesho, hajui atakipata au atakikosa. Mtu huyu akitawadha polepole, akavuta pumzi mara tatu kabla ya kuhirimia Swala, na baada ya Isha akakaa muda mchache akajiuliza leo limemfika nini, yeye mwenyewe ametenda nini, na kesho lipi liko katika uwezo wake, atakuwa amejijengea nyumba ambayo hakuna awezaye kuitia kufuli.

Lakini angalieni lile suala la tatu: kesho lipi liko katika uwezo wake? Hapo ndipo zinapoachana njia mbili. Iko subira iliyo macho, na iko subira iliyolala. Iliyo macho huutuliza moyo ili mtu aone na atende. Iliyolala huutuliza moyo ili mtu asione, na asipoona hatatenda.

Pengine mtu atadhani haya ni maneno ya watu wa leo. Sivyo. Ghazali huyo huyo, katika kitabu cha subira na shukrani, ameigawanya subira kwa hukumu zake, akataja iliyo faradhi, iliyo sunna, iliyo makuruhu na iliyo haramu. Na mfano aliotoa wa iliyo haramu ni mtu anayekatwa mkono wake, au mkono wa mwanawe, naye akanyamaza kimya akidai kwamba anasubiri. Tazameni jinsi mwanachuoni huyu, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwamba aliipenda dunia, alivyoona ya kuwa kunyamaza kwaweza kuwa dhambi.

Tutazame pia Mitume. Nabii Yaqub (a.s.) ni mfano mkubwa wa subira katika Qurani, lakini alilia hata macho yake yakaingia weupe, na juu ya hayo akawatuma wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye. Kulia hakukumtoa katika subira, na subira haikumzuia kutafuta. Na Nabii Ayyub (a.s.), baada ya maradhi yake ya muda mrefu, shifaa ilipofika aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, ndipo maji yakatoka. Mola aliyeweza kumponya pasina hayo alimtaka mgonjwa anyanyue mguu.

Waganga wa zama zetu nao wamefika karibu na hapo. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo mafupi ya mikutano mitano kwa watu waliozidiwa na dhiki, yakajaribiwa hapa Nairobi kwa wanawake 421, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Wengi wa wanawake hao walikuwa wamefikwa na ukatili, na waliowafundisha hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya wa mitaani waliopewa mafunzo. Mtu huanza kwa kufundishwa kupumua polepole. Lakini haachwi hapo. Hufundishwa kuitenga shida inayoweza kutatuliwa na kupanga hatua zake, kurudia shughuli alizoziacha, na kuwategemea watu wanaoweza kumsaidia. Waliopata mafunzo hayo dhiki yao ilipungua kuliko wale waliopata huduma za kawaida. Basi pumzi ni mlango. Nyumba iko ndani.

Na kama twataka ushahidi wa subira iliyo macho, uko hapo hapo Kibera. Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, walipewa kukaa mahali pale mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakapaita Kibra, yaani msitu. Lakini hawakupewa hati. Walisubiri zaidi ya miaka mia, na kusubiri kwao hakukuwa kulala. Waliswali, wakasomesha, wakaandika barua, wakafungua mashitaka. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi nchini Kenya wamenyimwa haki yao ya uraia. Na mwezi wa Juni 2017 wakapewa hati ya eka 288, nazo ni sehemu ndogo tu ya zile eka zaidi ya elfu nne za zamani.

Hapa twataka kusema neno zito, na twaliambia kila Mwislamu mwenye vyumba vya kupangisha, akiwa Kibera au Kawangware, akiwa wa kabila lo lote. Anayejua uchungu wa kukaa miaka bila ya hati, atamfungiaje mlango mwenye kukaa mwezi bila ya ujira? Mwishoni mwa mwaka 2001 wapangaji na wenye nyumba walipigana Kibera kwa sababu ya kodi. Watu wakafa na nyumba zikachomwa. Waliokufa hawakufufuliwa na kodi, ikipanda au ikishuka.

Labda mtu atatuambia: "Mkiwafundisha maskini kudai haki zao, mtafungua mlango wa fitna." Twamjibu kwamba fitna ya mwaka 2001 haikuletwa na muraqaba. Ililetwa na ghadhabu ya siku nyingi isiyopewa njia. Anayejihesabu kila usiku ndiye awezaye kudai haki yake bila ya kuchoma nyumba ya mtu, kwa kuwa anajua kwamba mkono wake pia unatazamwa. Na asiyejihesabu, akinyamaza ni hatari na akisema ni hatari.

Na sisi masheikh tuna hesabu yetu. Neno "subiri" ni deni juu ya mwenye kulisema. Ukimwambia mwenzio asubiri, basi simama naye. Kama huwezi kusimama naye, mwonyeshe mlango wa kuingia, wa chifu, wa afisa wa kazi au wa jamaa mwenye uwezo. Na kama hilo nalo huliwezi, nyamaza na umwombee dua. Lakini usimpe neno tupu ukaliita dini. Mtume wetu (s.a.w.) aliamrisha kibarua apewe ujira wake upesi, hali jasho lake lingali bichi, hakumwamrisha kibarua alikaushe jasho kwa subira.

Wiki iliyofuata tuliwatuma watu wawili wa darsa, mwanamume mmoja na mkewe, wakaenda na yule mama mpaka kwa waliomwajiri. Alilipwa nusu, nayo ikatosha kufunguliwa mlango. Nusu ya pili tungali tukiidai pamoja naye. Alipokuja kutueleza, alisema kwamba usiku ule wa kwanza ndani ya chumba chake aliswali Isha akajua anasoma nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zilizohudhuria na mikono isiyolala. Amin.