Hongera ina saa yake

Wanangu mnaoanza kazi ya kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, nisikilizeni kidogo. Neno hongera mnalitoa mapema mno.

Wageni Wayahudi mtakaowapandisha wana pongezi yao, mazal tov. Mazal kwa Kiebrania cha kale ni nyota. Wingi wake umo katika Wafalme wa Pili 23:5, pale Yosia alipowaondoa makuhani waliofukizia uvumba jua, mwezi na nyota. Watu wa kale waliamini nyota ina mkono katika maisha ya mtu, kama nasi tunavyosema fulani ana nyota. Tov ni njema. Lakini msidhani ni neno la kumtakia mtu heri anapoanza safari. Husemwa jambo likishatimia: bwana arusi akishavunja glasi kwa mguu, mtoto akishazaliwa. Mjamzito kwa desturi haambiwi mazal tov. Huombewa tu kwamba mtoto aje kwa saa njema. Hata hapa Uchagani, sufuria ya mtori wa mzazi huinjikwa mama akishajifungua salama.

Sasa huko juu. Mgeni anafika Stella Point, mita 5,756, kunapambazuka, midomo imempasuka kwa baridi, nanyi mnampigia kelele: hongera, umemaliza! Hajamaliza. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na kwa mtu aliyechoka hiyo ni karibu saa nzima ya kutembea. Nimewaona wageni wakikaa chini wakishasikia neno hilo, na kuwainua ikawa shughuli. Hapo mpe chai ya tangawizi, mwambie bado kidogo, twende polepole. Na akifika Uhuru mpongezeni kwa kiasi, kwa sababu njia ya kushuka ndiyo inayoumiza magoti, na changarawe ile inateleza. Nyimbo na vifijo viwekeni mpaka lango la Mweka.

Na hapo langoni, jamani, tazameni ni nani anayepongezwa. Mgeni anapigwa picha na cheti chake, huku mgumu, mpagazi aliyebeba hema na mtungi wa gesi siku zote hizo yuko kando anafungua kamba za mizigo. Hili linaniuma. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, majina yao yaliingia vitabuni. Vijana wengi waliowabebea mizigo hawatajwi kama wao. Nanyi mnairudia dhuluma ileile kila mnapoimba mkimzunguka mgeni peke yake.

Kambi ya Barafu haina maji, mnajua. Hupandishwa kwa madumu kutoka bonde la Karanga. Basi mshike mgeni mkono, mpeleke kwa aliyeyabeba, umwambie: chai uliyokunywa usiku ule wa kupanda kileleni, maji yake aliyaleta huyu. Mtaje kwa jina, na la baba yake kama unalijua, wapeane mikono. Kisha ndipo mwimbe.