Linki Iliyotoka kwa Katibu

Kisa hiki usikitafutie mwenyewe. Nimekiunga kutokana na visa vya namna hiyo vinavyosimuliwa saluni na vibarazani Dar es Salaam, nikakiweka Sinza kwa sababu Sinza ni ya watu wa biashara ndogo wanaoamka na simu mkononi. Ukitoka Kijiweni ukaenda mpaka Kumekucha, ukazunguka kwa Remmy, utapita mama lishe, mafundi cherehani na maduka ya nguo yasiyohesabika, na kila mmoja wao yuko kwenye kundi fulani la WhatsApp.

Basi palikuwa na kikoba cha wanawake, jirani na hospitali ambayo wenyeji wanaiita Palestina. Walikutana kila Jumamosi jioni uani kwa mwenyekiti. Wananunua hisa, wanalipa marejesho, anayechelewa anatoa faini ya shilingi elfu moja papo hapo, hata kama ametoka msibani. Sanduku lao lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake wameshika watu watatu wasiokaa nyumba moja. Ulinzi wa aina hiyo hata benki si zote zinao. Simu zao hazikuwa na kufuli hata moja.

Asubuhi moja katibu akatuma kwenye kundi ujumbe wenye picha ya Rais na nembo ya taifa. Mikopo isiyo na riba kwa wanawake wajasiriamali, kuanzia laki tano mpaka milioni tano, mwisho wa kujaza fomu ni leo saa sita usiku. Chini yake linki. Chini ya linki, maneno ya katibu mwenyewe: "Wapendwa, msije mkasema sikuwaambia."

Katibu hakuwa tapeli, na hapo ndipo ugumu wa jambo lote ulipo. Ujumbe aliupata kwa kaka wa kanisani, naye kaka aliupata kwa mtu anayemheshimu. Katibu huyu ndiye anayepeleka uji wodini mwenzao akijifungua, ndiye anayekumbuka nani amefiwa na nani anadaiwa kodi. Wanawake wale hawakubonyeza linki kwa kuamini mtandao. Walimwamini yeye.

Halafu uongo wenyewe ulikuwa umeegemea ukweli. Mikopo isiyo na riba ipo kweli. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisitisha, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa, na mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo mama wa Sinza aliyekuwa akiisubiri alipoona tangazo, hakuona ajabu yoyote. Aliona ahadi imetimia.

Ndani ya kundi alikuwamo binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyeingizwa ili amsaidie mama yake mahesabu ya hisa. Binti huyu alikuwa amepita kwenye mafunzo ya uhakiki wa taarifa. Alipoiona linki hakuibonyeza, aliisoma. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na go.tz, lakini ile ilikuwa na "go-tz" katikati, kistari badala ya nukta, ikifuatiwa na mkia mrefu wa herufi zisizo na maana. Akaipitisha picha ya Rais kwenye Google Lens, ikamrudisha kwenye hafla nyingine kabisa, ya miaka ya nyuma. Mwisho akapiga simu kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Akajibiwa kwamba kikundi huomba kikiwa kimesajiliwa, kupitia halmashauri, na hakuna mkopo wa mtu mmoja mmoja unaofungwa saa sita usiku.

Kazi safi, haikumchukua hata nusu saa. Kisha akaandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa: "HUU NI UTAPELI. Watu wazima mnadanganywa kama watoto, someni kabla ya kutuma!"

Katibu alinyamaza. Mwenyekiti akaandika, "Mwanangu, humu hatuvunjiani heshima." Mwingine akaongeza kwamba kuna watu hawapendi wenzao wapate. Mama yake binti akampigia simu kwa hasira: utamwambiaje hivyo mtu aliyekubeba mgongoni? Binti akajitoa kwenye kundi, na uhakiki wake ukaishia hapo hapo, maana hakuna aliyeupandisha tena juu ya salamu za mchana na picha za maandazi.

Jioni katibu alijaza fomu. Aliandika jina, namba ya NIDA na namba ya simu, kisha ukurasa ukamwambia aingize tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu yake "ili kuthibitisha usajili". Tarakimu zile zilikuwa ufunguo wa WhatsApp yake. Saa tatu usiku "katibu" akaandika kwenye kundi: jamani wapendwa, nina mgonjwa Muhimbili, naombeni mniokoe, nitarudisha Jumamosi, tumeni kwa namba hii, jina litakuja la shemeji yangu. Sentensi hiyo ya "tuma kwa namba hii" kila Mtanzania anaijua, tunaifanyia hata utani. Lakini utani tunaufanya tukipokea ujumbe wa mtu tusiyemjua. Huyu alikuwa katibu, na picha yake ya kitenge cha kijani ilikuwa pale pale. Mmoja alituma elfu ishirini, mwingine elfu hamsini, mwenyekiti laki mbili. Katibu mwenyewe alikuwa amelala, simu ikiwa kwenye chaji.

Fedha ziliuma, lakini kikoba hakikufa kwa ajili ya fedha. Kilikufa kwa sababu baadhi ya wanachama walishaamini kwamba katibu alikula mgawo. Baada ya hapo kufuli tatu hazikuwa na la kulinda.

Sasa tuangalie waliokuwa na uwezo wa kuzuia. Afrika haijakosa wahakiki. Africa Check ilianza mwaka 2012, PesaCheck ya Nairobi 2016, na hapa Dar es Salaam wapo Nukta Fakti na JamiiCheck. Wanafundisha waandishi na vijana jinsi ya kutafuta asili ya picha, kukagua anwani ya tovuti, kupima tarehe, kumtafuta msemaji halisi. Waarabu wamepiga hatua ambayo inatuhusu sana. Taasisi ya ARIJ ya Amman, Jordan, mwaka 2020 iliunda mtandao wa wahakiki wa nchi za Kiarabu, ili wafunzwe kwa pamoja na wagawane walichokwisha kukihakiki. Sababu yake inaeleweka: lugha moja inaenea kutoka Morocco hadi Oman, na uongo uliokanushwa Cairo unaweza kuibuka Tunis umebadilisha jina la mji tu. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo kutoka Mombasa mpaka Bukavu. Kenya ilipozindua Hustler Fund Novemba 2022, matapeli waliifuata na kurasa bandia za mikopo, na wahakiki wa Nairobi wakazikanusha moja baada ya nyingine. Hila iliyomnasa katibu wa Sinza ilikwisha kuonekana ng'ambo ya Namanga. Tahadhari yake ndiyo haikuvuka mpaka.

Lakini hata ingevuka, nani angeifikisha uani kwa mwenyekiti? Hapo ndipo ninapotofautiana na wapangaji wa mafunzo. Wahakiki wanakutana, wanafundishana, wanashirikiana vizuri kuliko zamani. Mnyororo unakatika pale ukweli unapotakiwa uingie kwenye kundi la WhatsApp la watu thelathini, ambalo mhakiki halioni na hakualikwa. WhatsApp yenyewe mwaka 2019 ilipunguza kusambaza ujumbe hadi mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ikabana hadi moja kwa ujumbe uliozunguka sana. Inasaidia kiasi. Lakini kundi la kikoba huhesabiwa kuwa mazungumzo mamoja, hata likiwa na watu mia.

Wanaokumbuka mwaka 2011 wataelewa ninachosema. Kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, dawa ya kunywa iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kilikuwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Madaktari walisema redioni wagonjwa wasiache dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na wapo walioziacha. Aliyewashawishi hakuwa redioni. Alikuwa jirani aliyetoka Samunge juzi, anayesema mwili umekuwa mwepesi.

Kuna pia upande wa wenye mamlaka. Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliisitishia JamiiForums, jukwaa lenye JamiiCheck, leseni kwa siku 90, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29, intaneti ikazimwa nchi nzima. Sitaki kuingia kwenye siasa zake, ila ni vigumu kumwambia mwananchi ahakiki kwanza wakati mahali pa kuhakikia pamefungwa. Tetesi hazikuhitaji bando.

Kama ningeulizwa nani aitwe kwenye mafunzo yajayo, ningemwacha mwandishi wa habari asubiri kidogo, nikamwita katibu wa kikoba. Baada yake mjumbe wa shina, mwalimu wa madrasa, mzee wa kanisa na kinyozi. Hawa ndio wanaosambaza, kwa hiyo hawa ndio wakanushaji wanaosikika. Na somo la kwanza lisiwe Google Lens. Liwe namna ya kumkosoa mtu mzima bila kumvua nguo: mfuate kwenye simu yake, si kundini; msalimie; mwonyeshe kile kistari kilichokaa mahali pa nukta; kisha mwachie yeye mwenyewe awaambie wenzake. Binti wa kisa chetu alikuwa na ukweli wote. Kama angempigia katibu saa nne asubuhi, "shikamoo mama, ile linki umeitoa wapi?", pengine ile fomu ya jioni isingejazwa.

Wewe unayesoma, leo washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp yako, na ya mama yako pia. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiombwa pesa kwa maandishi na mtu unayemfahamu, mpigie usikie sauti yake kabla ya kutuma hata senti. Na ujumbe wa kitapeli ukikufikia, upeleke 15040 pamoja na namba iliyoutuma.