Habari Ina Mwenyewe

Pwani ya Malindi na Kilifi, mtu akifariki alfajiri, hadi adhuhuri mtaa mzima umeshajua. Kipaza sauti cha msikitini hukwaruza kidogo, kisha sauti iliyozoeleka ikataja jina la marehemu na la babake, nyumba ya msiba, na swala ambayo maziko yatafuata. Maneno machache tu, basi. Lakini kabla ya hapo, mtu mzima ameshatumwa kwa mamake marehemu. Amebisha hodi, ameketi, ameulizana naye hali, ndipo akasema. Ni aibu jirani kujua kabla ya mzazi.

Adabu hiyo si ya msiba peke yake. Inatufunza kwamba habari ina wenyewe, ina zamu yake, na huja na mdomo unaojulikana. Ikiwa ya uongo, yupo wa kuulizwa. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mpiga mbiu alijua asingeweza kuipiga bure.

Mdomo kama huo alikuwa nao Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama: mwaka 1913 alizunguka Ugiriama akiwahimiza watu wakatae kodi ya Waingereza na vijana wao kuchukuliwa vibarua. Hakuwa na gazeti wala redio. Alicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na kila alipopita watu walimfuata, hadi Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, walikokula viapo. Aliyoyasema aliyasema hadharani, uso wazi. Serikali haikupata taabu ya kutafuta nani kayaanzisha: yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, wakahamishiwa Kisii. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Neno lilikuwa lake, na adhabu yake aliibeba mwenyewe.

Redio ilipoenea miaka ya 1920, Waingereza na Wamarekani waliazima neno lao la shambani, "broadcast", la kutawanya mbegu kwa mkono, wakalitumia kwa kurusha matangazo. Mtawanya mbegu hachagui kila punje ianguke wapi. Hata hivyo shamba ni lake, na yakiota magugu ni yeye atakayeinama kuyang'oa.

Siku hizi kila mwenye simu anatawanya, ila shamba limekuwa la wengine. Picha ya ajali hufika kwenye kundi la WhatsApp kabla majeruhi hajafika hospitali. Mtu aliye hai huombewa rehema. Chini ya habari kama hizo tunaandika, "Nimetuma kama nilivyopokea," tukidhani tumejivua dhima. Hatujajivua. Aliyepokea alikuwa na hiari ya kunyamaza, na aliyetuma ametangaza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kubonyeza jiulize mambo mawili: wenyewe wameshaambiwa? Na nikiitwa kesho mbele ya wazee, nitasimama na neno hili? Ukisita kwa lolote kati ya hayo, lifute.