Kinga Yenye Mpaka si Kinga Batili

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twasema: tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, afanyaye biashara Ewuaso Kedong, katika nchi ya Wamaasai, Kajiado Magharibi. Kijana wake wa miaka 9, aliyetimiza chanjo zake zote utotoni, amekohoa wiki nyingi, na daktari amesema ni kifaduro. Nyumbani mna mtoto mchanga wa wiki 3. Jamaa zake wa mjini wamemwambia kuwa sasa imedhihiri chanjo haina maana. Basi mchanga avishwe hirizi na akatwe kimio. Auliza: Je, wasema kweli?

Jibu letu ni kwamba wamekosea.

Kifaduro huletwa na kijidudu waliochokitenga mabingwa Bordet na Gengou mwaka wa 1906, nacho hupita kwa kikohozi kutoka kifua hadi kifua. Hapa Kenya mpango wa serikali wa kuchanja watoto ulianza mwaka wa 1980, na mtoto huchanjwa kifaduro akiwa na wiki 6, 10 na 14. Madaktari hawakuficha kuwa kinga hii ina mpaka: hudumu kiasi cha miaka 4 hadi 12, kisha hupungua. Hata aliyeugua kifaduro chenyewe hapati kinga ya maisha. Basi kuugua kwa kijana yule si ajabu, na aliyechanjwa aghalabu huugua kwa wepesi. Khofu ni juu ya mchanga ambaye hajafikia sindano ya kwanza. Uingereza, mwaka wa 2012, kifaduro kiliua watoto wachanga 14, na tangu hapo wajawazito wa huko huchanjwa ili mtoto azaliwe na kinga ya mamake. Nasi tujue kuwa sindano ya pepopunda apewayo mjamzito haizuii kifaduro.

Ama asemaye kuwa kinga iliyopenywa ni batili, na amtazame Bwana Mtume (S.A.W.). Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, alivaa deraya mbili na kofia ya chuma. Juu ya hayo kofia ilivunjwa kichwani mwake, uso ukajeruhiwa na jino likavunjika. Je, aliitupa kofia ya chuma akasema haifai? La! Mwaka wa 8 aliingia Makka na kofia ya chuma kichwani. Na hapana aliyekuwa na tawakali kumshinda yeye.

Kuhusu hirizi, Mtume alizikataza, wala hirizi haijapata kufunga njia ya kikohozi. Na kukata kimio ni kumjeruhi asiye na kosa: huleta damu nyingi na pepopunda, na kifaduro kikabaki pale pale kifuani. Ni ajabu kubwa kuikataa kinga yenye mpaka unaojulikana, kisha kushika isiyokuwa kinga kabisa!

Basi ndugu yetu afanye haya. Ampeleke mchanga kwa daktari leo, wala asingoje mlio wa kifaduro, kwani mtoto mdogo huenda asitoe mlio, bali pumzi hukatika akageuka rangi. Kijana apewe dawa na atengwe na mtoto mpaka daktari aruhusu, na wa nyumbani wote waulize kama yawapasa dawa. Bwana Mtume alikataza ngamia wagonjwa kupelekwa majini pamoja na wazima, na wafugaji wa huko walielewa jambo hilo kwa ng'ombe wao. Mwana wa Adamu ana haki zaidi. Kisha mtoto akitimiza wiki 6, achanjwe bila kuchelewa.

Nasi watu wa mji tuna letu. Ada yetu ni kumwendea mzazi kabla ya arubaini, na mtoto hupita mkono kwa mkono na kubusiwa na kila aingiaye. Mwenye kikohozi asiende. Amuombee dua akiwa kwake, na ujirani wake hautapungua. Kinga ya mtu mzima imekwisha zamani naye hana habari, na kikohozi akidharaucho chaweza kuwa mauti ya mwana wa mwenziwe.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, na atujaalie kushika sababu pamoja na kumtegemea Yeye. Amin.