Haya Mbele ya Picha

Yapo maswali ambayo hujibiwa majumbani mwetu kila jioni bila ya mtu yeyote kuyauliza. Mojawapo ni hili: picha ya sinema inayofaa kutazamwa na jamaa nzima, yaani babu, bibi, wazazi na watoto walioketi mahali pamoja, ni picha ya namna gani? Jibu la haraka, ambalo hata sisi tulilitoa kwa miaka mingi, ni kwamba ni picha isiyo na mambo ya aibu. Jibu hili huonekana timamu mpaka mtu aulize aibu yenyewe ni ipi.

Tueleze tuliyoyaona. Jioni moja tulikuwa wageni wa jamaa zetu, na mwenye nyumba akatuwekea Awaara, picha ya Kihindi iliyotengenezwa na Raj Kapoor mwaka 1951. Wazee wa Unguja na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa habari zake, kwani katika ujana wao picha hiyo iliyajaza majumba ya sinema; lakini kwa ajili ya vijana tutasema machache. Hakimu mmoja anaamini kwamba mtoto wa mhalifu hana budi kuwa mhalifu. Kwa imani hiyo amemtia hatiani mtu asiye na kosa, aitwaye Jagga. Jagga analipa kisasi kwa kumteka mke wa hakimu, kisha anamwachilia. Naye hakimu, kwa shuku tu, anamfukuza mkewe angali mja mzito. Mtoto anazaliwa barabarani, na Jagga anamfundisha wizi ili hakimu aone kwamba damu yake mwenyewe nayo yaweza kuiba. Mtoto huyo ndiye Raj. Anapokuwa mtu mzima anampenda Rita, ambaye mlezi wake ni hakimu yule yule.

Basi katikati ya picha Raj na Rita wako ufukoni, na Rita amevaa nguo ya kuogelea. Mara babu akakohoa. Kila aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili anakijua kikohozi hicho. Mvulana wa miaka kumi na miwili akatumwa maji ya kunywa, ingawa gilasi ya babu ilikuwa bado nusu. Akaenda, akarudi. Aliporudi, Rita alikuwa amemwita Raj mshenzi, naye Raj amemkamata na kumzaba makofi. Hakuna aliyekohoa. Mjukuu mdogo wa kike, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka minane, akauliza, "Bibi, mbona anampiga?" Bibi akajibu, "Tazama picha, mjukuu wangu." Mapenzi ya wale wawili yakaendelea kana kwamba halikutokea neno.

Usingizi ulitukawia usiku ule. Goti la mwanamke lilitosha kumtoa mtoto chumbani. Shavu lake lilipopigwa, mtoto alikaribishwa kuketi.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kumlaumu babu. Haya anayoilinda ina maana kubwa kuliko wadhanivyo wale wanaoicheka. Watu hudhani kwamba wazee wetu waliyaonea haya mambo ya mwili kwa kuwa hawakutaka yajulikane. Sivyo. Katika jando na unyago vijana walifundishwa mambo hayo waziwazi, kwa nyimbo na kwa vitendo, tena kwa namna ambayo ingewashangaza hao watengenezaji wa picha. Bibi aliweza kumtania mjukuu wake wa kiume na kumwita mume wake, na watu wakacheka. Lakini mtu huyo huyo, akija mkwewe, aliteremsha macho na kupita mbali. Haya, basi, ilikuwa utaratibu wa kujua nani aketi na nani wakati neno fulani linaposemwa. Kikohozi cha babu hakikusema kwamba mwili ni uovu. Kilisema: jambo hili si letu sote kwa pamoja. Hapo hatuna ugomvi naye, na tungesikitika kuona utaratibu huo unapotea.

Majumba ya sinema yenyewe yaliuheshimu kwa kiasi fulani. Huko Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, nao walikwenda makundi kwa makundi, wakalia na kucheka bila ya kuogopa jicho la mume au la mkwe. Televisheni ndiyo iliyotukusanya sote mbele ya kioo kimoja. Zanzibar iliianzisha mwaka 1973, na Bara ikangoja hadi mwaka 1994. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua picha kabla ya kuonyeshwa hadharani. Lakini mkaguzi hawezi kuketi katika kila sebule, na kazi yake ya humo ndani imebaki kwa mzee mwenye kikohozi.

Tatizo ni kwamba tumeitwika haya mzigo usiokuwa wake. Haya hutuambia nani asiketi na nani. Haituambii lipi ni ovu. Hadithi tulizosimuliwa utotoni zilijaa mazimwi yanayomeza watu na mama wa kambo wanaowatesa watoto, na hakuna mzee aliyetutuma maji. Lakini msimulizi alikuwepo mwenyewe, kwa sauti na uso wake. Mtoto alipouliza kwa nini, hadithi ilisimama na jibu likatoka, hata kama lilikuwa la mkato. Picha haimngoji muulizaji. (Siku hizi kipo kidude cha kuisimamisha, lakini desturi ya kukibonyeza kwa ajili ya swali la mtoto bado hatujaizoea.) Kwa hiyo mtoto husoma vitu viwili kwa pamoja: kile kilicho kwenye kioo na uso wa mtu mzima aliye kando yake. Uso ule ukitulia, yeye huona kwamba ndivyo mambo yalivyo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuziondoa kabisa picha zenye makofi na matusi. Tukifanya hivyo tutaiondoa Awaara yenyewe, ambayo inauliza kama mtu hufanywa na damu yake au na malezi yake kwa namna ambayo mwalimu darasani angeihusudu. Tena tutabaki na nini? Tumeona michezo ya kuchekesha ambayo kila mtu amevaa hadi kooni, hakuna busu wala damu, na kichekesho chenyewe tangu mwanzo hadi mwisho ni mtumishi wa nyumbani mwenye lafudhi ya shamba, asiyejua kutumia jiko. Mchezo kama huo hupita katika kila nyumba bila ya kikohozi. Nyumba moja tuliyoutazamia, msichana wa kazi alikuwa amesimama mlangoni kwa jikoni, sahani mkononi, naye akicheka pamoja nasi. Hatukujua kicheko kile kilimgharimu nini, na hatukumwuliza.

Wala hatutaki kila picha igeuzwe kuwa hotuba. Tumewahi kutazama picha pamoja na ndugu mmoja, mwalimu mwenzetu, aliyeeleza funzo la kila tendo kabla halijatendeka, na tulitamani yeye ndiye atumwe maji. Mtoto aliyeuliza "mbona anampiga?" hakuomba somo. Neno moja lingemtosha.

Asubuhi yake bibi yule alikuwa barazani akichambua mchele, mjukuu wake kando. Bila ya kuulizwa tena, akamwambia, "Yule wa jana alikosa. Na mimi nilikosa kunyamaza." Mtoto akasema, "Ee," akaendelea kuokota chuya. Kisha bibi akatugeukia na kutusimulia jinsi alivyokwenda na dada yake, wakiwa wasichana, kuiona Mother India, picha ya mwaka 1957, katika onyesho la wanawake. Mwishoni mwa picha ile Radha anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa sababu amemteka msichana wa kijiji siku ya harusi yake. Walibishana njia nzima hadi nyumbani, mabuibui yao yamelowa machozi. Bibi alisema Radha alifanya haki. Dada yake akasema hakuna mama wa namna hiyo duniani. Miaka zaidi ya hamsini walilirudia shauri hilo kila walipokutana kwenye harusi na matanga, na dada mtu alikufa hajakubali.